Kabla Hamjafukia, Pimeni

Haupiti mwezi bila kijana mmoja au wawili kunipigia simu, wengi wao wametoka chuo juzi, wakiniuliza namna ya kufungua kampuni ya ujenzi hapa Mombasa. Wanachotaka kujua zaidi ni usajili na mtaji. Huwajibu, lakini nikishakata simu hubaki na dukuduku, maana usajili na mtaji sivyo vilivyotaka kutuua sisi. Kilichotaka kutuua ni jiwe. Tulilivunja wenyewe, tukalibeba, tukalipia kila tipa iliyoliondoa, kisha tukafukia mtaro bila mtu yeyote kuandika kwamba lilikuwepo. Nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja, pamoja na hesabu zake.

Mimi ni mzaliwa wa Majengo. Ami yangu alikuwa mwashi wa nyumba za mawe, na likizo zangu za shule ziliishia kwenye saiti zake nikihesabu mifuko ya saruji na kuwapelekea mafundi maji. Baadaye nilisoma stashahada ya uhandisi wa ujenzi pale Mombasa Polytechnic, chuo kilichoanza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu ya zama za ukoloni, na ambacho tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Nilipomaliza niliajiriwa na mkandarasi mmoja kama karani wa saiti, kisha nikawa msaidizi wa foremani. Nilikaa hapo miaka saba. Niliijua kazi ya zege, ya mabomba, ya kalvati, na nilijua kuongea na vibarua. Ambalo sikulijua ni lile lililokuwa likifanyika ofisini baada ya sisi kumaliza: nani alikwenda kupima, nani alitia sahihi, barua gani iliandikwa na siku gani. Nilidhani mkandarasi hulipwa kwa sababu kazi imefanyika.

Mwaka 2012 mimi na kaka yangu tulifungua kampuni yetu. Tulikuwa na shilingi 380,000, nusu yake akiba yangu na nusu mgao wa chama cha mama, pamoja na pikapu ya kaka iliyokuwa ikivuja oili. Tulijenga mashimo ya maji taka Bamburi, kuta za ua Kisauni, kabro, yale matofali ya zege ya kutandaza chini, kwenye viwanja vya watu Nyali. Kazi za wiki mbili tatu, mwenye nyumba akitoa pesa ya vifaa asubuhi na ya mafundi jioni. Nikitazama nyuma, ile ndiyo kazi iliyotudanganya, kwa kuwa ilitufundisha kwamba ukishamaliza unalipwa.

Kuhusu usajili nitasema kwa ufupi. Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ilipitishwa 2011, na chini yake wakandarasi wamegawanywa katika ngazi nane. Ya nane ndiyo ya chini, ya kwanza haina kikomo cha thamani ya kazi. Majengo, barabara na kazi za maji husajiliwa kila moja kivyake, na wengi hukosea hapa: wanajisajili kwa majengo pekee, kisha tenda ya mtaro ikitoka wanajikuta hawana cheti chake. Lazima kampuni iwe na mtu mwenye ujuzi uliothibitishwa kwa vyeti. Sisi mtu huyo alikuwa mimi, kwa hiyo tuliokoa gharama ya kumlipa mwingine. Baadaye tulichukua pia cheti cha AGPO, ule mpango wa serikali wa kutenga asilimia 30 ya manunuzi yake kwa kampuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Cheti hicho ni kizuri na nakushauri ukichukue, ila usiache kazi ya mashimo ya maji taka ukikingoja kikuletee riziki. Kwetu ilichukua miezi kumi na minne kabla ya kupata kazi ya kwanza kupitia njia hiyo.

Kaunti zilipoanza 2013, kazi ndogo za umma ziliongezeka: kalvati, vyoo vya shule, mitaro ya mvua. Tukaanza kupanda.

Kosa letu la kwanza kubwa lilitokana na chumvi. Tulikuwa na kazi ya ukuta wenye nguzo za zege karibu na ufuo, na muuzaji mmoja akatuletea mchanga wa bei nafuu sana. Ulikuwa msafi, mweupe, unapendeza macho. Tukautumia. Maji tulichota kwenye kisima cha hapo hapo kiwanjani. Ami, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu, alikuja kututembelea siku ya pili. Aliinama, akachukua chembe kidogo cha mchanga kwa ncha za vidole, akakiweka ulimini. Akatema pembeni, akanitazama.

"Mwanangu, huu umetoka wapi?"

Nikamwambia, "Tumeletewa, ami."

"Huu ni wa baharini. Nondo zitaota kutu."

Nilimheshimu ami, lakini nguzo nne zilikuwa zimeshamwagwa na pesa ya mchanga mwingine hatukuwa nayo. Nikanyamaza. Miaka mitatu baadaye mwenye nyumba akanipigia simu. Nguzo zilikuwa zimepasuka kwa urefu, mstari ulionyooka kabisa juu ya kila nondo, na vipande vya zege vikianguka vikiwa na rangi ya chai. Chuma kikishika kutu huvimba, huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege lililokizunguka halina pa kwenda ila kupasuka. Tulibomoa na kujenga upya nguzo zote kwa gharama yetu, shilingi 212,000. Mkataba haukutulazimisha, lakini nilijua kosa ni letu, na mama yule alikuwa ametuamini.

Tangu siku ile mchanga wetu unatoka mtoni na tunauonja. Maji ya kisima tunayaonja pia, na yakiwa na chumvi tunaagiza bauza, lori la maji, hata kama mteja atanuna. Vile vipande vidogo vya zege vinavyoinua nondo zisiguse mbao, ambavyo mafundi huviita biskuti, tunavitengeneza wenyewe wiki moja kabla, milimita 50 kwa kazi iliyo karibu na bahari, na hakuna anayeruhusiwa kutumia kokoto au kipande cha mbao badala yake. Kila siku ya kumwaga zege tunajaza vyuma vya sampuli na kupeleka vipande maabara vikajaribiwe siku ya saba na ya ishirini na nane. Ni gharama, na katika kazi ndogo inauma.

Sasa nije kwenye jiwe.

Mwishoni mwa 2016 tulishinda tenda ya taasisi moja ya umma, sitaitaja, ya kujenga mtaro wa chini kwa chini wa kupitisha maji ya mvua huko Kisauni: mita 1,200 za mabomba ya zege, na chemba, yaani shimo la ukaguzi lenye mfuniko, kila baada ya mita 50 au 60. Thamani yake ilikuwa shilingi milioni 14. Mpaka hapo kazi yetu kubwa kabisa ilikuwa haijafika milioni 4. Nakumbuka kaka alivyonipigia simu akiwa amesimama kwenye kivuko cha Likoni, kelele za watu zimemzunguka, akipiga mayowe kwamba tumepata. Mama alipika pilau jioni ile.

Furaha ilidumu mpaka tulipokwenda benki. Kabla ya kutia sahihi mkataba ulihitajika dhamana ya utekelezaji wa kazi ya asilimia 10, yaani milioni 1.4, na benki haitoi dhamana kwa uso wa mtu. Walitaka pesa taslimu au mali. Mali tuliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, shamba la minazi na mikorosho la mama kule Kilifi aliloachiwa na marehemu baba. Wanaoijua Pwani wanajua hati ya shamba ni nini kwetu. Kuna watu waliozaliwa na kuzikwa kwenye ardhi ambayo hawakuwahi kuwa na karatasi yake. Mama aliitoa kwenye kopo la biskuti alimoihifadhi, akaifungua kitambaa, akaniuliza swali moja tu: "Itarudi?" Nikamwambia itarudi kabla ya mwaka kwisha.

Bei zetu tuliziweka kwa haraka. Katika BOQ, ile orodha ya kazi na vipimo na bei ambayo ndiyo roho ya mkataba, kulikuwa na mstari wa kuchimba udongo, ambao tuliuwekea shilingi 450 kwa mita ya ujazo, na chini yake mstari wa kuchimba mwamba, mita 40 tu za ujazo, ambao tuliuwekea 3,000. Hatukwenda kuchimba hata shimo moja la majaribio. Tulipita kwa pikapu, tukaona mchanga juu, tukaridhika. Na hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu mimi ni mtoto wa mji huu. Sehemu kubwa ya Mombasa imekaa juu ya matumbawe ya kale. Kuna mahali unachimba mita tatu kwa jembe, na hatua ishirini mbele mwamba uko chini ya magoti.

Mita 200 za mwanzo zilikwenda kama mchezo. Kisha asubuhi moja mwezi wa tatu, 2017, sururu ikalia. Foremani aliniita nikaja, nikashuka mtaroni. Sentimita themanini chini, mwamba mweupe umetandaza toka ukuta hadi ukuta, na tulitakiwa kwenda hadi mita 1.3. Tulikodi kompresa na breka mbili, zile mashine za kuvunjia mwamba. Tulivunja kwa siku thelathini na moja. Vumbi jeupe liliingia madukani na kwenye vyakula vya watu, kina mama wa vibanda walitulalamikia na walikuwa na haki. Vibarua wawili waliumia vidole. Kila jioni tipa ziliondoka na mawe.

Mhandisi msimamizi wa upande wa mteja alikuwa kijana mwema, siamini hata leo kwamba alikuwa na nia mbaya. Alifika saiti mara mbili kwa wiki. Nilimwonyesha mwamba kwa macho yake. Akasema, "Endeleeni tu mama, tutapima baadaye, muhimu tuwahi mvua." Na kweli mvua za masika zilikuwa mlangoni. Mtaro ulikuwa wazi mbele ya madrasa, watoto wanaruka juu yake kwenda na kurudi, nami usiku nilikuwa silali nikiwaza mtoto akiteleza. Kwa hiyo tulilaza mabomba na kufukia, mita baada ya mita, kila siku. Nilijiona nafanya jambo la busara.

Mwezi wa tano mhandisi yule alihamishiwa kwingine. Aliyekuja baada yake alikuta barabara imefukiwa, imeshindiliwa, watu wanapita. Tulipoleta dai la mita za ujazo 610 za mwamba alisoma karatasi yetu kwa makini, akauliza vitu vitatu: fomu ya vipimo iliyotiwa sahihi na pande zote mbili iko wapi, maagizo ya maandishi yako wapi, picha ziko wapi. Picha tulikuwa nazo tatu kwenye simu ya foremani, zote za vibarua wakipiga pozi, na katika mojawapo ukikazia macho unaona ukingo wa jiwe. Akatukubalia mita 75, kwa kuwa kipande kimoja karibu na chemba ya mwisho kilikuwa bado wazi, akashuka na kupima mwenyewe. Zilizobaki 535 zililipwa kwa bei ya udongo.

Piga hesabu. Tofauti ya 3,000 na 450 ni 2,550. Mara 535 ni shilingi 1,364,250. Faida yote tuliyoitarajia katika kazi ile ilikuwa milioni 1.5.

Nilimkasirikia mhandisi wa pili kwa miezi. Leo ningefanya kama alivyofanya. Angeidhinisha vipi pesa ya umma kwa jiwe ambalo hakuliona? Katika kazi zetu hizi za chini ya ardhi, nyingi ya kazi unayoifanya hutaiona tena. Msingi, tabaka za murram, mchanga wa chini ya bomba, vyuma ndani ya zege. Mwenye nyumba ya ghorofa anaweza kusimama barabarani akahesabu madirisha. Wewe wa mtaro huna cha kumwonyesha mtu ila karatasi.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo sikulijua kabisa: muda. Mikataba inayofuata mtindo wa 1999 wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, humpa mkandarasi siku 28 tangu alipolijua jambo, au alipopaswa kulijua, ili atoe taarifa ya dai lake. Wetu ulikuwa na kifungu cha namna hiyo. Sisi tulileta barua yetu ya kwanza siku ya 70 na kitu. Mkataba nilikuwa nao kwenye mkoba muda wote, nimeusoma ukurasa wa bei na ukurasa wa sahihi.

Kama hilo halitoshi, malipo yenyewe yalichelewa. Hati ya kwanza ya malipo, ya milioni 3.8, iliidhinishwa mwezi wa tano. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni 30, na hati yetu ilichelewa mezani ikaangukia mwaka mpya. Kisha ukaja uchaguzi wa Agosti 2017, ukarudiwa wa urais Oktoba. Tulilipwa Desemba. Katikati hapo nilijifunza jambo kuhusu kodi ya VAT ambalo ningependa kila anayeanza alijue: kodi hii haingoji ulipwe. Hati ikishatolewa na msimamizi wa kazi, au wewe ukishatoa ankara, umeshadaiwa, na unatakiwa kuilipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Asilimia 16 ya milioni 3.8 ni 608,000. Baada ya kupunguza kodi tuliyolipia vifaa tulibaki na deni la laki tatu na zaidi, kwa ajili ya pesa ambayo hatukuwa tumeiona hata senti. Ongeza asilimia 10 inayozuiliwa katika kila hati, ambayo nusu yake hurudi kazi ikikabidhiwa na nusu baada ya kipindi cha kuangalia kasoro, na asilimia 3 ya kodi ya mapato inayokatwa juu kwa juu. Ile milioni 14 ya kwenye mkataba ilikuwa haiji kwangu kama milioni 14, wala haiji siku niliyodhani.

Vibarua hulipwa Jumamosi. Kuna Jumamosi moja ya Septemba sitaisahau. Saa kumi na mbili jioni, watu ishirini na wawili wamekaa wameegemea kontena letu, kimya, wameshanawa miguu na kuvaa mashati yao ya kurudia nyumbani. Hakuna aliyenitukana. Mzee mmoja wa Jomvu, aliyekuwa nasi tangu kazi za mashimo, alisimama akaniambia, "Dada, sisi tunakujua. Sema ukweli tu, tukawaambie nyumbani." Nikasema ukweli: nina nusu. Nikawagawia nusu. Jumatatu yake niliuza mashine ya kuchanganyia zege tuliyoinunua mwaka uliotangulia, kwa bei ya kutupa, nikamaliza deni lao.

Usiku ule wa Jumamosi kaka aliniambia maneno ambayo hakuwahi kuniambia kabla: "Sisi tunajengea watu mitaro kwa shamba la mama." Mwezi uliofuata aliondoka kwenye kampuni, akarudi kuendesha tipa la watu. Hatukugombana kwa kelele. Tulikaa karibu mwaka tukisalimiana kwa adabu kwenye sikukuu, na kwangu mimi hiyo ilikuwa hasara kubwa kuliko ya jiwe.

Kampuni haikufa, lakini kwa miaka miwili haikuomba kazi yoyote inayozidi milioni 5. Nilirudi kwenye mashimo na kabro, na nikaanza kujifunza ile nusu ya kazi niliyoiruka. Nilimwomba mkadiriaji majenzi mmoja mstaafu, mtaalamu wa vipimo na gharama za ujenzi, anifundishe, nikawa namwendea kila Jumatano jioni na madaftari yangu kama mtoto wa shule. Ndiye aliyenifundisha kuandika barua fupi: "Kufuatia maagizo yako ya leo asubuhi hapa saiti, tunaendelea na kazi hii, na tunaomba ithibitishwe kwa maandishi." Barua hiyo hutumwa siku hiyo hiyo kabla ya jua kuzama. Akiijibu, una maagizo. Asipoijibu, una ushahidi kwamba uliuliza. Nilikuwa naogopa kwamba wahandisi wataniona mkorofi. Kinyume chake, walio wazuri walifurahi, kwa sababu na wao hukaguliwa.

Utaratibu wetu wa sasa ni huu. Hakuna kitu kinachofukiwa, kiwe bomba, msingi au nondo, mpaka karani wa saiti apite. Ana fimbo ndefu iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe kila sentimita kumi, na ubao mdogo ambao huandika kwa chaki tarehe, jina la kazi na umbali kutoka mwanzo wa mtaro. Fimbo inasimamishwa ndani, ubao unawekwa kando, picha inapigwa kila baada ya mita kumi, na penye mwamba kila baada ya mita tano. Kisha fomu ya vipimo hujazwa nakala mbili na kutiwa sahihi na pande zote mbili pale pale, juu ya boneti ya gari kama hakuna meza. Mwakilishi wa mteja akiwa hayupo, tunampigia, tunamwandikia, tunamsubiri kwa muda tuliomtajia, na tukilazimika kufukia kwa usalama wa watu tunaandika hivyo na kumpelekea picha saa hiyo hiyo. Mwanzoni vibarua waliona tunapoteza muda. Tunapoteza kama dakika arobaini kwa siku.

Na kabla ya kuweka bei tunachimba mashimo ya majaribio, moja kila mita mia, vibarua wawili na mtaimbo. Gharama yake yote huwa chini ya gharama ya kompresa kwa siku mbili. Lakini siri niliyoigundua baadaye, na ambayo haiko kwenye kitabu chochote nilichosoma chuoni, ni wachimba visima na wachimba vyoo. Kila mtaa una wake. Mwulize mzee aliyechimba vyoo vya Mishomoroni au Mtopanga kwa miaka thelathini, atakwambia nyumba kwa nyumba jiwe liko futi ngapi na maji ya chumvi yanaanzia wapi. Nunua kahawa chungu, kaa naye barazani, beba daftari. Kama tungemtafuta mtu wa aina hiyo Kisauni mwaka 2016, tusingeiacha ile 40 ya BOQ ipite kimyakimya pale palipotakiwa mia sita. Tungeuliza swali kabla ya tenda kufungwa.

Mwaka 2020, uingiaji na utokaji ulipozuiwa katika kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale kuanzia Aprili 8, kazi zetu zilisimama karibu zote. Hatukuwa na mkopo wowote wakati huo, kwa hiyo tulisimama bila kuanguka. Miezi ile mitatu niliitumia kumfundisha karani wetu, binti wa Likoni aliyekuwa amekuja kwa mafunzo ya vitendo, kuandaa hati za malipo.

Kisha zikaja kazi za chini ya wakandarasi wakubwa. Barabara kuu na madaraja ya mji huu yanayojengwa miaka hii huwa mikononi mwa kampuni kubwa za nje, na mwenyeji hupewa vipande: mitaro ya pembeni, kabro, kuta za mawe. Zichukue, utajifunza mengi, hasa usalama na utunzaji wa kumbukumbu. Ila soma kifungu kinachosema utalipwa pale mkandarasi mkubwa atakapolipwa. Kikiwa hakina ukomo wa siku, omba uwekwe. Mmoja alinikatalia nikaiacha kazi, na wakati ule niliacha kazi nikiwa naihitaji. Waliokubali waliningojesha siku 60, na niliweka bei yangu nikijua ni 60.

Leo tuko ngazi ya sita. Watu wa kudumu ni kumi na wanne, wengine huja kwa kazi. Pesa ya VAT ina akaunti yake ambayo mimi na mhasibu lazima tutie sahihi wote. Kazi mpya haizidi mara mbili ya kubwa tuliyoimaliza na kulipwa yote. Kaka alirudi 2021. Sikumwomba, alikuja asubuhi moja saiti ya Mikindani, akasimama akitazama karani anavyopiga picha na ule ubao wake, akauliza kama tunahitaji mtu wa magari. Hati ya shamba ilirudi kwa mama, lakini ilirudi mwaka wa tatu, si wa kwanza kama nilivyomwambia. Aliipokea, akaikunjia kitambaa kile kile, akairudisha kwenye kopo. Hakusema neno na mimi sikuweza kusema.

Mwezi uliopita nilipita Kisauni. Kulikuwa na watu wanalaza bomba la maji, na katika kuvuka barabara walikuwa wamekata mtaro wetu wa zamani, kati ya chemba ya sita na ya saba. Nilisimamisha gari. Nikamwomba foremani wao ruhusa, akaniruhusu. Nilishuka ndani na mita yangu ya mkononi. Bomba letu lilikuwa zima, halina ufa. Pembeni yake ukuta wa mwamba ulikuwa bado na michirizi ya breka, imara kana kwamba iliachwa wiki iliyopita. Nilipima toka usawa wa barabara hadi jiwe lilipoanza. Sentimita 78. Kwenye dai letu, kwa kipande kile, tulikuwa tumeandika 80. Nikamwita karani aliyekuwa kwenye gari, akaja na fimbo na ubao, akaandika tarehe, na tukapiga picha.